Gharama Zikipanda, Mzigo Hutuliwa kwa Nani?

Ni zaidi ya miaka thelathini sasa tangu viwanda vya minofu ya sangara vilipoanza kujengwa, kimoja baada ya kingine, mjini Mwanza na katika miji jirani ya Musoma na Bukoba. Kizazi kizima kimekulia kivulini mwa viwanda hivyo. Watoto wamesomeshwa kwa ujira wa kisu cha minofu, nyumba zimeezekwa bati huko Ukerewe, Kome na Sengerema kwa fedha ya sangara, na mji uliokuwa ukijulikana kwa pamba ukageuka kuwa mji wa samaki. Leo viwanda hivyo vinabadilika. Vingine vimekwisha kufunga milango. Vilivyobaki vinapunguza zamu, vinapunguza watu, vinatafuta biashara nyingine ndani ya samaki yule yule. Na kila linapoulizwa swali la kwa nini, jibu ni moja: gharama zimepanda.

Jibu hilo si la uongo, nasi hatulidharau. Lakini halijakamilika. Gharama haipotei kwa sababu kampuni imeikwepa, huhama. Ikitoka katika vitabu vya kampuni huingia katika mtumbwi wa mvuvi, au katika mfuko wa mama aliyesimama meza ya minofu, au katika ziwa lenyewe. Basi tunauliza: inapohama, inahamia kwa nani, na je, huyo anayeipokea aliulizwa kabla?

Tuanze kwa kumtendea haki mwenye kiwanda, maana ni rahisi mno kumtukana. Sangara si samaki wa asili wa ziwa letu. Aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960, na upande wetu wa Tanzania wingi wake ulilipuka katika miaka ya 1980. Kabla Mwanza haijawa na viwanda vyake, samaki wetu wengi walivuka mpaka kwenda kukatwa minofu Kenya. Miaka ya mwanzo ya 1990, milango ya soko huria ilipofunguliwa, majokofu, mitambo ya barafu na meza za minofu vilinunuliwa kwa hesabu ya ziwa lisilopungukiwa. Hesabu hiyo ndiyo iliyokosewa. Sangara walipungua, na wengi wa wanaovuliwa wakawa wadogo, ilhali ukubwa wa viwanda ulibaki vile vile. Chumba cha baridi kilichojaa nusu hula umeme karibu sawa na kilichojaa pomoni. Mkaguzi wa ubora, fundi wa mitambo, mlinzi wa lango, wote hulipwa, samaki wawepo wasiwepo. Kwa hiyo kila kilo inayokosekana mezani huzifanya kilo zilizobaki kuwa ghali zaidi, hata siku ambayo hakuna bei yoyote iliyopanda sokoni. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Petroli na umeme ni homa inayoonekana nje.

Juu ya ugonjwa huo yakaja mapigo. Kati ya 1997 na 1999 soko la Ulaya lilifungwa mara kwa mara, kwanza kwa hofu ya vijidudu katika minofu, kisha kwa hofu ya kipindupindu, kisha kwa habari za watu waliovua kwa sumu. Tanzania iliporuhusiwa tena mwaka 2000, viwanda vilikuwa vimelazimika kujenga upya sakafu, kutibu maji na kufuata taratibu za ukaguzi wa kila hatua, na Serikali nayo ikaimarisha maabara ya samaki ya Nyegezi. Usafi huo ulikuwa jambo jema kwetu sote. Lakini una bei yake, na bei hiyo hulipwa kila siku. Baadaye mlaji wa Ulaya akapata samaki wa kufugwa kutoka Vietnam, aitwaye pangasius, mweupe kama sangara na wa bei nafuu kuliko yeye, hata mwuzaji wetu akashindwa kupandisha bei yake kadiri gharama zilivyopanda. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipozuia ndege, minofu mibichi, ambayo uhai wake sokoni ni siku chache tu, ilikosa njia. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotikisa soko la mafuta, petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni ili kupunguza makali.

Haya yote ni kweli, na mwenye kusimamia mishahara ya mamia ya watu hana usingizi mzuri anapoyakabili. Hata hivyo hayakuwaangukia wote kwa uzito mmoja. Uhaba wa dola uliolalamikiwa nchini mwaka 2023, kwa mfano, ulimwumiza anayenunua bidhaa nje. Bali anayeuza minofu ng'ambo hulipwa kwa fedha za kigeni, na shilingi inaposhuka thamani hupata shilingi nyingi zaidi kwa kilo ile ile. Tunalitaja jambo hili kwa sababu halitajwi sana katika vikao vya kueleza hali ngumu.

Sasa, viwanda vinajirekebishaje? Zamani fahari ya kiwanda ilikuwa minofu, na samaki mzima akishakatwa, minofu haifiki nusu ya uzito wake. Kilichobaki, yaani kichwa, mgongo, ngozi, mafuta na matumbo, kilihesabiwa kuwa mabaki. Leo mabaki ndiyo yanayotazamwa kwanza. Na juu ya yote limekaa bondo.

Bondo, kwa msomaji aliye mbali na ziwa, ni ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwa samaki, unaomsaidia kuelea. Zamani lilitupwa, au lilinunuliwa kwa bei ndogo na kupelekwa ng'ambo, ambako lilisaidia kusafisha bia na divai. Siku hizi soko lake kubwa ni China na Hong Kong, ambako bondo lililokaushwa ni chakula cha heshima, na bei ya kilo yake huishinda ya minofu mara nyingi. Kadiri bondo lilivyo kubwa ndivyo kilo yake inavyozidi thamani. Kiwanda kinaweza kupata hasara katika minofu na kujiokoa kwa bondo. Ni ajabu, lakini ndiyo biashara ilivyo: kiungo kilichokuwa kikitupiwa ndege sasa ndicho kinachobeba nyumba.

Hatuna ugomvi na mtu aliyegundua thamani mahali ambapo wengine waliona uchafu. Kutotupa ni adili. Lakini tuangalie mahesabu ya upande wa pili. Mvuvi, mara nyingi, huuza sangara mzima kwa kilo, bondo likiwamo ndani. Bei ya kilo hupangwa kwa daraja la uzito wa samaki, na anayeipanga ni mnunuzi. Je, bondo lilipogeuka kuwa dhahabu, ni sehemu gani ya dhahabu hiyo iliyorudi mwaloni? Hatusemi kwamba haikurudi hata senti. Tunasema kwamba mvuvi hana njia ya kujua, kwa maana hesabu ya bondo haisomwi mbele yake.

Naye mvuvi huyo hayuko huru kutafuta mnunuzi mwingine. Katika mialo mingi nyavu, injini, hata petroli ya safari hutolewa kwa mkopo na wakala, na masharti ya mkopo ni kwamba samaki wote wauzwe kwa wakala yule yule. Kiwanda kikimbana wakala, wakala humbana mwenye mtumbwi, na mwenye mtumbwi humgeukia aliye chini kabisa, yaani kijana anayevuta wavu usiku. Kwa desturi ya ziwa, mapato ya mtumbwi hutolewa kwanza gharama za safari, kisha kinachobaki ndicho kinachogawanywa baina ya mwenye chombo na vijana wake. Msomaji atazame jambo hili kwa makini, kwa maana humo ndimo dhuluma inamojificha bila mtu yeyote kuvunja sheria. Petroli ikipanda, inakatwa kabla ya mgawo. Kwa hiyo vijana huchangia mafuta ya injini isiyo yao. Pigo linaloitwa la kampuni limekwisha kufika kwa mtu asiye na akiba hata ya siku mbili, na limefika usiku ule ule.

Linalotusumbua zaidi ni kwamba njia hii ina mteremko wa upande mmoja. Kiwanda kikipata gharama mpya, bei ya mwaloni hushuka upesi. Lakini gharama zikipungua? Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na magari yaliyokuwa yakisubiri kivuko saa kadhaa sasa yanavuka kwa dakika chache. Barafu haiyeyuki foleni, dereva halali njiani. Ni haki kuuliza kama mvuvi wa upande wa Sengerema amewahi kutangaziwa kwamba kilo yake imeongezwa shilingi kwa ajili ya daraja.

Tugeukie sasa ndani ya kiwanda. Kampuni inapotaka kupunguza gharama, kifungu kilicho rahisi kukatwa ni watu. Hapo ndipo tunapowasikia wakata minofu, wengi wao wanawake, waliofanya kazi miaka mingi, wakiitwa vibarua wa siku. Leo kuna samaki, njoo. Kesho hakuna, baki nyumbani. Hatutaji kampuni yoyote, kwa sababu desturi hii si ya kampuni moja, wala si ya viwanda vya samaki peke yake. Lakini wengi hawajui kwamba sheria ya nchi haikuwaacha watupu, na kwa kuwa hawajui, wanaonewa kwa urahisi.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema kwamba mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, huchukuliwa kuwa mwajiriwa wake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 ni kama siku sita za kazi katika mwezi mzima. Ni wakata minofu wangapi wasiofikisha siku sita? Jina la "kibarua" lililoandikwa katika karatasi ya malipo halifuti ukweli huo.

Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huo huo inamruhusu mwajiri kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi au za mabadiliko ya mitambo, lakini haimruhusu kufanya hivyo kimya kimya. Yampasa atoe taarifa ya nia yake mapema, aeleze sababu kwa uwazi, na ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe wasio na chama, juu ya njia za kuepuka kupunguza watu, jinsi ya kuchagua watakaoondoka, lini, na kwa malipo gani. Wasipokubaliana, shauri hupelekwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayeondolewa baada ya kutumikia angalau miezi kumi na miwili ana haki ya kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi kumi. Mama aliyekata minofu miaka kumi na miwili atalipwa basi siku sabini. Si utajiri, lakini ni tofauti kati ya kuanza biashara ndogo ya dagaa na kuanza kukopa chakula.

Wapo watakaosema: mkiwabana wenye viwanda watafunga kabisa, na kiwanda kilichofungwa hakimlipi mtu. Hoja hiyo tunaipa uzito wake. Tumeona jinsi mtaa unavyonyauka kiwanda kinapozimwa: mama ntilie anakosa wateja, vyumba vya kupanga vinabaki wazi. Papa Yohane Paulo II, katika waraka Centesimus Annus wa mwaka 1991, alikiri kwamba faida ni dalili halali ya kampuni inayokwenda vema. Ila alikumbusha pia kwamba vitabu vya hesabu vinaweza kuwa sawasawa huku watu waliomo wakidhalilishwa. Hatuombi kiwanda kiendeshwe kwa hasara. Tunaomba mashauriano, ambayo hayagharimu umeme wala petroli. Kampuni ikiwaita watu wake, ikawaonyesha hesabu, ikasema "hatuna samaki wa zamu mbili", yamkini wafanyakazi wenyewe wangechagua kugawana siku kuliko nusu yao kufukuzwa. Aliyeulizwa huvumilia mengi ambayo aliyeshtukizwa hayavumilii.

Nje ya lango la kiwanda wako wengine ambao hawamo katika karatasi yoyote. Hao ndio wanaoishi kwa mapanki, yaani vichwa na migongo iliyobaki baada ya minofu kutolewa, ambayo akina mama huikaanga au kuibanika na kuiuza kwa wasio na uwezo wa kununua samaki mzima. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 iliyaonyesha mapanki hayo dunia nzima, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu vikali kwa kutuchafulia jina, hata watu wakaandamana hapa Mwanza. Mabishano yalikuwa juu ya heshima ya nchi. Hakuna aliyeuliza sana mwenye kukaanga mapanki anapata nini. Sasa swali limemfikia kwa njia nyingine: kadiri kila kipande cha samaki kinavyopata mnunuzi mkubwa, wa kusaga chakula cha mifugo au cha kusafirisha, ndivyo bei ya kipande hicho inavyompanda mama wa karai. Kilichoitwa mabaki katika lugha ya kiwanda kilikuwa kitoweo katika lugha ya mtaa.

Na ziwa? Kiwanda chenye njaa ya samaki hushawishika kufumba macho mbele ya sangara asiyefika sentimita 50, kipimo cha chini kinachoruhusiwa. Operesheni Sangara ya mwaka 2018 ilichoma nyavu haramu nyingi, na waliolia walikuwa zaidi watu wa mialoni. Hatutetei kokoro. Lakini samaki mchanga hana thamani mpaka apate mnunuzi. Bondo nalo limeleta kishawishi cha kinyume, kwa kuwa bondo kubwa hutoka kwa sangara wakubwa, na sangara wakubwa kwa sehemu kubwa ni majike wazazi. Tukiwamaliza watoto kwa ajili ya minofu na mama zao kwa ajili ya bondo, hakuna marekebisho ya biashara yatakayosaidia.

Wengine wanategemea vizimba vya sato. Januari 2024 Rais Samia alizindua hapa Mwanza ugawaji wa boti za uvuvi na vizimba kwa mikopo nafuu, na ni jambo la kutia moyo. Tuseme neno moja tu la tahadhari: katika ufugaji wa samaki gharama iliyo kubwa kuliko zote ni chakula chao, na mwenye mtaji mdogo akikosa chakula kwa bei anayoimudu atarudi kuwa kibarua katika kizimba cha mwenzake.

Je, mvuvi hana la kufanya ila kulalamika? Nchi hii ya Usukuma inayo kumbukumbu nzuri zaidi. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba walichoka kupunjwa katika mizani ya wanunuzi. Hawakuanza kwa kujenga vinu vya kuchambua pamba. Walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe pembeni ya mizani, ili kila kilo isomwe na macho mawili. Katika vuguvugu hilo aliinuka Paul Bomani, na kufikia 1955 ulisimama muungano wa ushirika uliokuja kuwa miongoni mwa mikubwa Afrika. Yaliyoupata ushirika baadaye tunayajua, wala si ya leo. Lakini mwalo wenye mpimaji wake, wenye daftari la bei za viwanda mbalimbali, na wenye chama cha kukopeshana petroli badala ya kumtegemea wakala, ungelikuwa mwalo mwingine kabisa. Kamati za usimamizi wa mialo zipo tayari. Nyingi zimeachiwa kazi ya kuwakamata wavuvi haramu tu. Zipewe na kazi ya kulinda mizani.

Kwa wenye viwanda tunaomba jambo lililo wazi: bei ya mwaloni ibandikwe kila asubuhi pamoja na daraja zake, na inapobadilishwa sababu ielezwe, ikipanda na ikishuka. Kwa Serikali tunaomba maofisa wa kazi wafike mezani penye minofu, wasiishie ofisi ya meneja.

Na kwa ninyi akina mama na vijana wa zamu, kamati za haki na amani za parokia zilizo karibu na viwanda na mialo zinaweza kuwasaidia kwa kitu kidogo mno. Nunua daftari. Andika kila siku uliyofanya kazi, saa uliyoingia na saa uliyotoka, na fedha uliyopokea. Tunza kila karatasi ya malipo, na nenda NSSF ukaulize kama michango yako inafika. Ukiachishwa, usisubiri kuitwa tena msimu ukirudi: shauri la kuachishwa kazi isivyo halali hupokelewa na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na siku hizo huhesabiwa tangu ulipoachishwa. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wake wa shule amwandikie kila jioni.